Kiharusi: kwa CT peke yake, tutajuaje ubongo utaharibika kiasi gani baada ya dawa?

KibohoWodini: Wakuu, naombeni ushauri. Mgonjwa wa kiharusi cha bonge la damu ameshapewa alteplase (dawa ya kuyeyusha bonge), MRI usiku haipatikani. CT ya kawaida inatosha kukadiria eneo litakalokufa? Na akitoka Arusha na picha yake, niitegemee au nirudie hapa Moshi?

Mpigapicha_Njiro: Inatosha kuanzia, mkuu. Tumia ASPECTS, mfumo wa alama za CT ya kiharusi: eneo la ateri ya kati ya ubongo lina sehemu 10, anza na 10 kisha toa alama moja kwa kila sehemu iliyofifia. Utepe wa insula umepotea na kiini cha lentifomu kimefifia (hizo ni sehemu mbili kati ya 10)? Hiyo ni 8. Wengi hukosea kwenye dirisha, yaani mpangilio wa mwangaza wa picha. Ukiacha upana wa 80, mpaka wa kijivu na nyeupe unajificha. Weka upana 40, kitovu 40. Hakikisha kichwa hakijalala upande, la sivyo utalinganisha vipande visivyolingana kulia na kushoto. Mikunjo ya ubongo iliyovimba bila kufifia usiipunguzie alama, tishu hiyo bado inaweza kupona.

Dr_Shantytown: Rudia, dokta. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, ukijumlisha maandalizi ni saa mbili zinapita kirahisi. Mishipa ya pembeni (inayopitisha damu kuzunguka palipoziba) ikiwa dhaifu, alama 9 ya Arusha inafika ikiwa 6. Andika saa ya kila picha pembeni ya alama. Alama isiyo na saa haikusaidii kitu.

KibohoWodini: Asanteni sana. MRI ikipatikana asubuhi?

Dr_Shantytown: Pima weupe wa DWI, picha ya MRI inayoonyesha mapema tishu iliyoumia: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawa kwa 2, unapata mililita. Zaidi ya 82 ndani ya saa 6 tangu dalili zianze, jiandae kwa uvimbe mkubwa. Usingoje mgonjwa alale fofofo. Zungumza na daktari wa upasuaji wa ubongo mapema, maana faida ya kufungua fuvu imeonekana zaidi ndani ya saa 48, hasa kwa walio chini ya miaka 60. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 hadi ya 5.

Mpigapicha_Njiro: Naongezea: kipimo cha mtiririko wa damu kikifanywa mapema mno huweza kuchora kiini (eneo linalodhaniwa limekufa) kikubwa kuliko kilichokufa kweli. Mshipa ukifunguka haraka, sehemu ya kiini hicho inapona. Msimnyime mtu tiba kwa rangi ya kompyuta peke yake.

KibohoWodini: Na aspirini?

Dr_Shantytown: Baada ya CT ya saa 24 kuonyesha hakuna damu. Aliyetolewa bonge kwa katheta (mrija unaopitishwa ndani ya mshipa) anaweza kuonyesha weupe wa dawa ya picha tu. Rudia kesho yake, dawa hufifia, damu hubaki.

Mpigapicha_Njiro: Na msipime ukubwa wa mwisho wiki ya 2 au ya 3. Kwenye CT eneo lililokufa hurudia rangi ya kawaida kwa muda, mtadhani amepona. Pimeni kabla ya siku ya 7, au subirini mwezi upite.