Msaidizi wa AI na miongozo ya roboti: PDF nzima, MCP au faili la kuandika mwenyewe?

Servo_Bishi
Wakuu, najenga mkono wa roboti wenye mota sita za Dynamixel XL430. Msimbo mwingi naandikiwa na msaidizi wa AI, na mara nyingi ananizidi. Ila juzi kaniandikia kipande cha kukaza mota, nikakiendesha, programu ikaisha bila kulalamika. Nikashika mhimili kwa vidole viwili, ukazunguka kama kifuniko cha chupa. Kufungua jedwali la rejista (vyumba vya kumbukumbu ndani ya mota, kila kimoja na anwani yake) nakuta ameandika 1 kwenye anwani 24. Hiyo ni Torque Enable, swichi ya kukaza mota, ya AX-12A, mota ya zamani. Kwenye XL430 Torque Enable iko 64, na 24 ni Moving Threshold, kitu kingine kabisa. Wala hakuweka mstari wa kukagua jibu la mota, ndiyo maana kulikuwa kimya.

Nataka asome mwongozo, asikumbuke kichwani. Naona njia tatu: kumpakia PDF nzima, kumuunganisha na seva ya MCP (Model Context Protocol, kiwango cha kumuunganisha msaidizi na zana za nje) inayotafuta ndani ya miongozo, au kumwandikia faili fupi kwenye folda ya mradi. Nani kajaribu?

NyayaNyekundu
PDF nzima sahau. Nilijaribu na RM0090, mwongozo wa maikrokontrola za STM32F4, kurasa zaidi ya 1,700. Urefu ni shida, lakini majedwali ndiyo yaliyonichosha. PDF ikigeuzwa maandishi, safuwima zinavunjika: thamani ya chini inagandana na ya juu, tanbihi yenye sharti inatupwa mbali na namba yake. Mchoro wa pini kama ni picha ndiyo hivyo tena, haupo.

Kwa maikrokontrola kuna njia nyepesi ambayo watu wanaipita tu: faili la SVD. Ni XML yenye kila rejista, anwani yake na biti zake, tayari kwa mashine kusoma. Skripti ya mistari michache inachomoa rejista unayoitaka na kumpa msaidizi hiyo tu.

Fundi_Pini
Mimi ni mtu wa MCP. Tangu Anthropic waitoe Novemba 2024 imeenea, kwa hiyo seva moja ya miongozo unaitumia na wasaidizi tofauti bila kuandika upya. Msaidizi anaita zana, anauliza "Goal Position" (nafasi ambayo mota inatakiwa kufika), anarudishiwa kipande cha mwongozo.

Sasa niseme ilivyoniumiza. Utafutaji wa kulinganisha maana hauwezi kutofautisha ndugu wa familia moja. Goal Position ya AX-12A iko anwani 30, baiti 2, 0 hadi 1023. Ya XL430 iko 116, baiti 4, 0 hadi 4095. Maelezo yake yanafanana mno, hivyo injini ya utafutaji inakuletea yoyote kati ya hizo kwa kujiamini kulekule. Nikaongeza lebo ya modeli kwenye kila kipande, na zana yenyewe inakataa kutafuta kama hujataja modeli. Hapo ndipo ilipotulia.

Servo_Bishi
Mkuu, na asipoita zana? Wangu ana tabia ya kujibu kwanza, kusoma baadaye.

Fundi_Pini
Kwenye faili la maelekezo ya mradi nimeandika: usitumie anwani yoyote ya rejista bila kutaja sehemu ya mwongozo ulikoitoa. Asipotaja, sisomi hata msimbo wenyewe, narudisha. Bado huwa anasahau mazungumzo yakiwa marefu.

Bi_Torque
Jamani, mota sita za aina moja mnazijengea maktaba? Rejista anazohitaji hazizidi kumi. Faili langu ni hili, limebaki hivi hivi:

XL430, itifaki 2.0, kasi ya mawasiliano ya kiwandani 57,600
Operating Mode: 11, baiti 1, andika mota ikiwa imelegea TU
Torque Enable: 64, baiti 1
Goal Position: 116, baiti 4
Present Position: 132, baiti 4, soma tu

Tazameni hayo maneno ya Operating Mode. Anwani zilizo chini ya 64 ziko EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa), haziandikiki mota ikiwa imekaza. Hilo mwongozo unalieleza kwenye aya, halimo ndani ya mstari wa jedwali. Utafutaji ukileta mstari bila ile aya, msaidizi anaandika msimbo ulio sahihi kwa namba na usiofanya kazi.

KimyaKimya
Wenye miongozo ya siri mliyosainia mkataba, angalieni. Wengi wanadhani seva ya MCP ikiwa kwenye kompyuta yako basi hakuna kinachotoka. Seva ni ya ndani, ndiyo, lakini kile inachorudisha kinaingia kwenye muktadha wa modeli ya AI, na modeli hiyo kama iko wingu, kipande hicho kimeshasafiri. Modeli nayo iwe ya ndani, au mwongozo huo usiuguse.

NyayaNyekundu
Naongeza: msijichoshe na vitambuzi maarufu. MPU-6050, kitambuzi cha mwendo, huwashwa ikiwa usingizini, mpaka uandike 0 kwenye rejista 0x6B. Hakuna msaidizi niliyemuuliza akakosa hilo. Jasho liende kwenye modeli zenye ndugu wengi na matoleo mengi.

Servo_Bishi
Nimenakili faili la Dada Bi_Torque, nikaongeza sharti moja: kila akiandika rejista, aisome tena na kunionyesha. Ameandika 64, akaisoma, ikarudi 1. Mhimili sasa hauzunguki hata kwa mkono mzima. Kwa ROS 2 (mfumo wa programu za roboti) naona nitahitaji MCP kweli, maana anachanganya toleo la Humble la 2022 na la Jazzy la 2024 ndani ya faili moja. Fundi_Pini, ile zana yako inayokataa kutafuta bila jina la modeli, naweza kuona msimbo wake?