RTX 3080 used au RTX 4070 Super mpya: pawa saplai yangu ya 600W inabeba ipi?

render_wa_kijichi
Wakuu habarini za jioni, naomba msaada wenu kabla sijazama Kariakoo Jumamosi. Mashine yangu ni Ryzen 5 5600, RAM 32GB, SSD moja, HDD moja, feni tatu, kadi ya picha (GPU) iliyopo ni GTX 1650 ile isiyo na waya wa umeme, inakula kwenye sloti tu. Kazi ni Blender mchana, ile programu ya picha za 3D (nawatolea wateja picha za interior, yaani ku-render) na gemu usiku. Sasa kuna jamaa wa Tabata anauza RTX 3080 ya 10GB used, bei ya kishikaji kabisa. Upande wa pili kuna RTX 4070 Super mpya duka moja mjini, bei imesimama. Kuna na RX 6800 XT ya mtu wa tatu. Pawa saplai yangu imeandikwa 600W ubavuni kwa herufi kubwa, na mwenye 3080 anasema inatosha na chenji inabaki. Ni kweli? Nawasilisha.

Mzee wa Ampea
Mkuu hiyo 600W ya ubavuni achana nayo kwanza. Fungua kifuniko cha kesi usome stika, safu ya +12V, angalia ina ampea ngapi. Kadi na prosesa vyote vinakula hapo, zile 3.3V na 5V siku hizi kazi yao ndogo ila wenye PSU (pawa saplai) za bei chee wanazijumlisha ili namba inenepe. Halafu hesabu waya za kadi ziko ngapi.

render_wa_kijichi
Nimefungua mkuu. +12V ni 38A, 5V ni 20A, 3.3V ni 22A. Nembo ya 80 Plus (ile ya kuthibitisha PSU haipotezi umeme mwingi) sijaiona popote. Waya wa kadi upo mmoja tu, ule wa 6+2, yaani 8-pin.

Mzee wa Ampea
Basi majibu unayo. 38 mara 12 ni wati 456, hiyo ndo pawa saplai uliyonayo, hizo nyingine ni za 3.3V na 5V ambazo kadi haizigusi. 3080 peke yake imepangiwa 320W. Ryzen 5600 imeandikwa 65W ila ikibanwa inafika 76W. Bodi, RAM, diski na feni tuseme 50. Jumla 446. Umebakiwa na wati 10, na hapo bado hatujaongelea vile kadi inavyoruka. Hizi 3080 na 3090 zinajulikana kwa tabia hiyo, wastani unausoma 320 lakini kwa muda mfupi sana, chini ya kufumba jicho, inavuta juu zaidi ya hapo, PSU inaona imezidiwa inajikata. Wewe unaona mashine imezima katikati ya render, unaanza kulaumu Windows.

Na hata ukitaka kulazimisha, waya mmoja wa 8-pin ni 150W, sloti ni 75W, jumla 225W. 3080 inataka waya mbili, nyingine tatu.

sinza_gamer
Acheni kutisha watu bana, mi 3080 yangu iko kwenye 650W mwaka wa pili huu na haijawahi kuzima hata siku moja, nimeipunguzia volti kidogo kwenye MSI Afterburner inacheza 270W hivi na fremu zimeshuka kiduchu sana hata huoni. Nvidia kuandika kwamba 3080 inataka PSU ya 750W ni kujilinda tu

Mzee wa Ampea
Sinza hujakosea, ila sema 650W yako ni ipi. Kama ni Gold (daraja la juu la 80 Plus) ya maana stika inasoma 54A kwenye 12V, yaani 648W zote zinapatikana pale zinapohitajika. Ya huyu mdogo wetu ni 38A. Usimlinganishie. Na hiyo 750W ya Nvidia ni ya mashine nzima, hawajui mteja ana Ryzen ya 65W au i9 inayovuta 253W, lazima waache nafasi.

sinza_gamer
ya kwangu Gold ndio. sawa hapo nimekuelewa

render_wa_kijichi
Jamaa wa Tabata nimemwambia habari ya waya mbili, anasema atanipa bure adapta ya SATA kwenda 8-pin, nachomeka kwenye waya za hard disk inakua imeisha hiyo

fundi_ilala_boma
USITHUBUTU KAKA. Plagi ya SATA pini zake za 12V zinabeba ampea 4.5 tu, ni wati 54. Kadi itavuta hadi 150 kupitia mle. Plastiki inaanza kuwa ya kahawia, halafu inaganda na pini, hizi naletewa mezani kila mara. Hata kama nia yake nzuri mwambie abaki nayo.

Bi Mkubwa wa LUKU
Mnahesabu wati za kadi hamhesabu units. Tofauti ya 3080 na 4070 Super ni wati 100, 320 kwa 220. Ukirenda masaa 6 kwa siku ni unit 0.6, mwezi 18. Kama nyumba yenu iko ile tarifa ya D1 ya units 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kuwatoa kabisa kwenye bei ya chini, hapo ndo mzee wa nyumba ataanza kuuliza ni nani. Na hizo wati 100 zote zinaishia kuwa joto chumbani, Januari ya Dar na feni ya ukutani mnaijua. Halafu kaka una UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika?

render_wa_kijichi
Ninayo dada, 650VA

Bi Mkubwa wa LUKU
650VA siyo 650W, soma nyuma yake, nyingi za size hiyo ni 360W au 390W. Kwa 3080 umeme ukikata wakati una-render UPS inapiga kelele na kuzima palepale, umenunua pambo. Kwa 4070 Super mashine nzima ni kama 350 ikiwa imebanwa kweli, uko pembeni pembeni bado, ila kwenye Blender kadi ndo inafanya kazi prosesa imepumzika, dakika za kusevu utapata.

Mzee wa Ampea
Dada kamaliza. Ila mdogo wangu tusikudanganye, hata 4070 Super haikai kwenye hiyo 38A yako kwa amani. Wati zinatosha kwenye karatasi, 220 + 76 + 50 ni 346, lakini adapta inayokuja kwenye boksi inataka 8-pin mbili na wewe unayo moja. Kadi ya kizazi hicho inayoikaribia ambayo ingeingia kwenye waya wako bila kubadili kitu ni RTX 4070 ya kawaida, 200W, zipo matoleo yenye 8-pin moja. Na mimi bado nisingeiweka kwenye PSU isiyo na nembo.

Kwa hiyo PSU unanunua kwa vyovyote. Sasa piga hesabu upya: 3080 + PSU ya 750W Gold + UPS kubwa zaidi, dhidi ya 4070 Super + 650W Gold na UPS hiyohiyo. Ile bei ya kishikaji inaanza kuyeyuka. 4070 Super pia ina memori ya 12GB na inaipita 3080 kwenye render. Tena 3080 ya 2020 ilipita kipindi cha kuchimba Ethereum (sarafu ya mtandaoni, kadi zilikuwa zinakesha kazini) mpaka Septemba 2022, huwezi kujua ililala macho miaka mingapi.

sinza_gamer
6800 XT mmeiruka

Mzee wa Ampea
Kwa gemu tupu na hiyo 16GB ningesema ndiyo. Ila ni 300W, AMD nao wanataka 750W, na kwenye Cycles (injini ya Blender ya ku-render) kadi za Nvidia zina OptiX, teknolojia yao ya kuharakisha kazi hiyo, AMD inaachwa mbali. Huyu anakula kwa Blender.

fundi_ilala_boma
Ukifika Kariakoo: PSU yenye kiswichi chekundu nyuma cha 115/230 rudisha, hiyo haina active PFC (sakiti ya kurekebisha jinsi PSU inavyovuta umeme wa ukutani). Gold jina lake litafute kwenye orodha ya 80 Plus mtandaoni ukiwa hapohapo dukani, stika za dhahabu kila mtu anaprint. Ukipata PSU ya kiwango kipya cha ATX 3.0 au 3.1 yenye waya wake wa pini 16 ni bora zaidi, zile zimepimwa kuvumilia mruko wa mara mbili ya wati zake kwa sehemu 100 za milioni za sekunde moja. Huo waya sukuma mpaka kilimi kilie tak, usiukunje karibu na plagi. Zile za RTX 4090 zilizoungua nyingi plagi ilikua haijaingia yote.

render_wa_kijichi
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Naenda na 4070 Super na 650W Gold ya ATX 3, Tabata nimeshamwambia aendelee kutafuta mteja. Swali la mwisho, PSU mpya ikiwa modular (waya zake zinachomoka) naweza kuacha waya za zamani za SATA humo humo maana nimezifunga vizuri nyuma ya kesi?

fundi_ilala_boma
Zako za zamani zimeshikana na PSU yenyewe zitatoka nayo. Ila hata zingekua za kuchomoa jibu ni hapana, upande wa PSU pini hazina mpangilio mmoja kwa makampuni yote, wakati mwingine hata kampuni moja modeli mbili. Inaingia vizuri tu, halafu 12V inaenda kwenye mguu wa 5V na HDD yenye mafaili ya wateja imekwenda. Tumia za kwenye boksi.

Bi Mkubwa wa LUKU
Na backup kabla hujafungua kesi, kaka.