Breki ya mbele au ya nyuma kwenye njia za vumbi: ipi inasimamisha kweli?

VumbiJekundu
Habari wakuu. Nimehamia pikipiki ya vumbi baada ya miaka mingi ya lami, na kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kaniambia nje ya lami breki ya mbele niisahau, itanibwaga. Mwingine anashika zote mbili. Wa tatu hashiki chochote, anashusha gia tu. Kwa sasa nakanyaga ya nyuma peke yake, ila kwenye mteremko tairi linaserereka na mwendo haupungui. Nifuate lipi?

Kidole_Kimoja
Aliyekuambia uisahau ya mbele kakupoteza. Ukishika breki, uzito unakimbilia mbele, iwe lami iwe vumbi. Gurudumu la mbele linagandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana linajifunga hata ukikanyaga kidogo. Mteremkoni ndiyo zaidi. Kwenye udongo mgumu, kazi kubwa ya kusimamisha ni ya mbele.
Kinachobwaga watu ni kuikamata ghafla. Tumia kidole kimoja, cha shahada, vingine vibaki kwenye mpini. Gusa kwanza, shokapu za mbele zizame, tairi liume ardhi, ndipo uongeze nguvu. Ukisikia linaanza kujifunga, legeza papo hapo.

MzeeWaTope
Kidole, kwa udongo mgumu sikupingi. Njoo sasa kwenye tope, au majani mabichi juu ya mawe. Nyuma ikijifunga, pikipiki inatikisa mkia na unaweza kuirudisha. Mbele ikijifunga usukani umekufa, maana gurudumu lisilozunguka halikupeleki unakotaka. Ndani ya mfereji uliochimbwa na matairi ni balaa tupu. Huko mimi ya mbele naipapasa tu, kazi anafanya wa nyuma. Na kona ya kubana naifunga nyuma makusudi, mkia uzunguke.

Kidole_Kimoja
Sawa mkuu, lakini huyu kauliza mteremko.

BibiKlachi
Mnabishana juu ya mbili na ya tatu mmeiacha. Enjini ya mipigo minne ukiachia mafuta inakuvuta yenyewe. Gia ndogo inaweza kukushusha mlima mrefu breki ukizigusa tu. Ya mipigo miwili haivuti kiasi hicho, kwa hiyo VumbiJekundu tuambie una ipi. Faida yake nyingine: ukiburuta breki ya nyuma mteremko mzima, mafuta ya breki yanachemka na kikanyagio kinakuwa laini kama sponji. Hilo limenikuta.
Kwenye mchanga mwingi achia mafuta tu, mchanga wenyewe utakusimamisha. Ukishika ya mbele hapo, gurudumu linajichimbia. Na popote utakapofunga ya nyuma, bana klachi, la sivyo enjini inazima nawe uko katikati ya kona.

FundiSpoku
Kabla ya mbinu, angalia mkao. Simama, magoti yabane tangi, makalio nyuma. Ukiacha mikono ibebe uzito wako, kidole hakiwezi kuwa laini. Halafu kikanyagio cha nyuma: wengi kimewekwa kwa mtu aliyekaa, ukisimama inabidi ukunje kifundo cha mguu vibaya, na breki inakuja yote kwa mkupuo. Kirekebishe ukiwa umesimama.
Ukiwa na pikipiki kubwa ya safari yenye ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, zima ya nyuma kama inaruhusu. Kwenye changarawe ABS inaachia tairi kila mara, na umbali wa kusimama unarefuka.

VumbiJekundu
Mipigo minne, na haina ABS. Swali jingine: jana nilikwama katikati ya mwinuko mkali, nikabana ya mbele kwa nguvu zote, na bado pikipiki ikawa inateremka kinyumenyume. Breki mbovu?

MzeeWaTope
Breki nzima, ila uliomba msaada kwa asiye na uwezo. Ukitazama juu, uzito uko nyuma na mbele ni pepesi, inateleza ikiwa imefungwa vilevile. Kanyaga ya nyuma. Kama mguu haufiki, acha enjini izime ikiwa kwenye gia, achia klachi. Gurudumu la nyuma litashikiliwa.

VumbiJekundu
Mrejesho wakuu. Nimefanya mazoezi kwenye udongo mgumu, mteremko mdogo, mwendo uleule kila mara, nachomeka kijiti pale ninaposimama. Kijiti cha nyuma peke yake kiko mbali mno, nilikuwa nacheza na maisha. Cha enjini na nyuma kimesogea kidogo. Cha zote mbili kiko karibu kuliko vyote, na sikuserereka hata mara moja. Cha mbele peke yake sikukichomeka, nililala chini.

Kidole_Kimoja
Pole. Ulishika na vidole vingapi?

VumbiJekundu
Vinne.