Naomba ushauri: MPI_Pack au MPI_Type_create_struct?

Wakuu, kwenye programu yangu ya MPI (mfumo wa michakato ya kompyuta kutumiana ujumbe), kila mchakato unatuma namba kamili n, kisha desimali n za baiti 8, na n hubadilika kila mzunguko. Sasa hivi natumia MPI_Pack, inayonakili data kwenye bafa moja (kumbukumbu ya muda): napima bafa kwa MPI_Pack_size kwa kila aina na kujumlisha, naanzisha position (idadi ya baiti zilizokwisha fungashwa) kwa 0, nafungasha n kwanza, halafu natuma baiti za position tu kama MPI_PACKED (aina ya data iliyofungashwa). Mpokeaji hutenga bafa baada ya MPI_Probe (kuchungulia ujumbe unaokuja) na MPI_Get_count (kujua ukubwa wake). Bafa ikipungua, ni kosa la MPI_ERR_TRUNCATE (ujumbe umezidi bafa).

Majibu ni sahihi, ila n ikifika milioni 1, kunakili data kwenda kwenye bafa na kuzitoa tena kunakula muda mno. MPI_Type_create_struct, inayoeleza mpangilio wa data pale zilipo, ingeepusha kunakili huko kwenye programu, lakini kila n mpya inadai MPI_Type_commit (kuidhinisha aina mpya) na MPI_Type_free (kuifuta), na mpokeaji lazima ajue n, au kikomo chake cha juu, mapema. Au nitume n peke yake, kisha safu ya desimali moja kwa moja? Mwenye vipimo naomba anisaidie.