Kiitaliano kwa watu wazima, kipindi mnakianzaje?

mwalimu_shela: Jamani hamjambo. Nafundisha Kiitaliano jioni hapa Malindi, wanafunzi ni mawaita, madereva wa tuktuk, wauza vinyago, na mzee mmoja wa Ngomeni aliyefanya kazi San Marco, kile kituo cha Waitaliano cha kurusha roketi, huyo anaongea kama maji lakini kukiandika hajawahi. Wengine hata buongiorno ni mpya. Wanakuja wamechoka, nikianza na io sono, tu sei (mimi ni, wewe ni) naona macho yanalegea. Nyie mnafungua vipi darasa wote wachangamke?

Babu Silversands: Ubao uache kwanza mwalimu. Anza na bei, weka kinyago mezani, yule mgeni kabisa awe muuzaji manake kazi yake ni kutaja namba tu, na mzee wako awe mteja msumbufu, quanto costa (bei gani), troppo caro (ghali mno), kelele tupu. Hapo ndio uandike namba, washazihitaji.

mamake_fey: Namba sawa lakini mimi nacheza tombola, ile ya Waitaliano ya Krismasi, 1 mpaka 90. Karatasi unakata mwenyewe, kunde za kufunikia, na anayeita awe mwanafunzi sio wewe. Mbili kwa mstari ambo, tatu terno, nne quaterna, tano cinquina, karatasi nzima ndio tombola. Sessanta (60) na settanta (70) zitawachanganya mpaka wagombane 😂 zawadi mahamri.

tuktuk_lamuroad: Mimi nimesoma hivo, mwalimu wetu alikua anasimama mlangoni, kila siku anajifanya mtu mwingine, leo nyanya wa Milano leo kijana wa bichi, na huingii mpaka umsalimie sawasawa. Sisi tumezoea ile "tu" yao, wewe ya kirafiki, kwa kila mtu. Mtu ambaye kwetu ungempa shikamoo huyo ni buongiorno signora, come sta, sio ciao come stai.

kaka_wa_Watamu: Na menyu je? Wape ya pizzeria waisome kwa sauti. Sisi tukiona ch tunasoma ch yetu, kumbe yao ni k, na ya kwetu wao wanaandika ci au ce. Subiri mtu asome bruschetta na gnocchi. Waita anaitumia usiku huohuo kazini.

mwalimu_shela: Ya mlangoni nimeipenda, naanza nayo kesho. Ila nikirekebisha wale wa bichi wananuna, wanasema wateja wao wanawaelewa.

Babu Silversands: Si kweli wanawaelewa? Usimkatize mtu, andika pembeni, mwisho wa kipindi soma makosa bila majina.