"Chukua SKS, risasi zake ni za kutupa": mnaotoa ushauri huu mtatuharibia bunduki mpaka lini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Kila mtu mwenye kibali chake akiuliza bunduki ya nusu otomatiki ya bei nafuu, ngumu, isiyodeka, jibu huwa lile lile. Chukua SKS, ile bunduki ya kijeshi ya Kisovieti. Nunua kasha la risasi za ghala la jeshi. Piga mpaka uchoke, usihangaike kusafisha, ile ni bunduki ya vita. Anayejibu anapata makofi, anaondoka. Aliyeuliza anabaki na mtutu uliooza.

Nami nimeuziwa hivyo hivyo. Muuzaji, ambaye simtaji, alinikabidhi bunduki ikiwa bado na grisi nzito ya ghalani imejaa ndani ya bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), na risasi za miaka ya Vita Baridi alizoapa kwamba "hazili mtutu". Hakutamka neno moja kuhusu kusafisha kabla ya kupiga. Nilipomrudia ananiambia eti mbona wenzako hawalalamiki!

Haya, tuanze na hiyo grisi, maana hapa mtu anaweza kuumia. SKS nyingi zina pini ya kupigia isiyo na springi. Inaelea tu ndani ya bolti. Za Kisovieti za mwanzo zilikuwa na springi, baadaye ikaondolewa. Sasa grisi ya miongo kadhaa ikigandia mle ndani, pini inaweza kunasa ikiwa imechomoza mbele. Bolti ikijifunga kwa kishindo, pini inapiga fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) bila wewe kugusa kifyatulio. Risasi inatoka yenyewe, na ukikosa bahati zinafuatana mpaka magazini inaisha. Dawa yake ni kufungua bolti, kutoa pini, kuosha kila kitu kwa kiyeyushi cha grisi, kukausha na kurudisha. Bolti safi ukiitikisa mkononi unaisikia pini ikicheza. Kama husikii kitu, usitie risasi. Ni kazi ya muda mfupi tu, lakini huyo bingwa wa "chukua ukapige" hakuiandika hata mara moja.

Nisieleweke vibaya, bunduki yenyewe sina ugomvi nayo. Simonov aliibuni vizuri, kabini, yaani bunduki fupi, ya 1945 yenye uzito wa kilo 3.85 hivi, magazini ya risasi kumi isiyochomoka, unaijaza kwa klipu kutoka juu. Hiyo magazini ndiyo watu wanakimbilia kuing'oa wafunge ya kuchomeka iliyotengenezwa na kiwanda cha uchochoroni, halafu inakwama kila baada ya risasi chache, halafu wanakuja kulia kwamba SKS ni mbovu. Ya asili hukwama kwa nadra. Iacheni.

Mnachokificha ni kwamba hakuna SKS moja. Kuna ya Kisovieti, kuna Type 56 ya China, kuna za Yugoslavia, Romania, Albania na kwingineko. Nyingi za Kisovieti na za China zina kromu ndani ya mtutu. Za Yugoslavia, M59 na M59/66, hazina. M59/66 isitoshe ina kirushia bomu mdomoni pamoja na vali ya kukata gesi, na vali hiyo ikichakaa gesi inavuja, bunduki inaacha kujipakia, unabaki kuvuta bolti kwa mkono kila risasi. Mtu anauliza "ninunue ipi," mnamjibu "yoyote, zote sawa." Sawa kwa nani?

Na kromu ni suala kubwa kwa sababu ya hizo risasi zenu za bei ya chini. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zina klorati ya potasiamu. Ikiwaka inaacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu wa ile ya jikoni. Chumvi hiyo inatanda ndani ya mtutu, kwenye pistoni ya gesi, kwenye bomba la gesi, kwenye uso wa bolti, inavuta unyevu wa hewani, na kutu inaanza. Mahali penye unyevunyevu usingoje wiki, kesho yake tu utaona wekundu. Na mwenye kromu asijitape, kwa sababu kromu iko ndani ya mtutu. Pistoni na bomba la gesi mara nyingi havijapakwa.

Halafu anakuja mwingine na ushauri wa pili mbovu kuliko wa kwanza: "paka mafuta tu." Mafuta hayayeyushi chumvi! Yanaifunika, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Maji ya moto, mengi, kupitia chemba (pale risasi inapokaa) mpaka mdomoni, bomba la gesi na pistoni vioshwe, bolti iwe imetolewa, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kuna wanaoapa kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, wanadhani amonia inaua chumvi. Kinachofanya kazi mle ni maji yaliyomo ndani ya chupa. Nunueni ndoo.

Kwa hiyo hesabu ya "risasi rahisi" imeshaanza kuvimba: maji, muda, mafuta, na kufungua bunduki nzima siku hiyo hiyo uliyopiga, hata kama ulipiga tano tu. Anayeweza, azinunue, bei inamlipa. Anayerudi nyumbani amechoka na kuitupa kabatini hadi mwezi ujao asizisogelee.

Maganda ya chuma nayo yana ushabiki wake pande zote mbili. Wapo wanaosema ganda la chuma linaua bunduki. Si kwa 7.62x39, risasi ya SKS. Ganda lake limechongoka kwa makusudi lichomoke kirahisi, na bunduki za familia hii zilibuniwa zile chuma tangu mwanzo. Kinachokula mtutu upesi ni koti la kichwa cha risasi, pale linapokuwa chuma chenye utando mwembamba wa shaba juu. Hilo husugua mifereji ya ndani ya mtutu kuliko koti la shaba tupu. Tena ganda la chuma halijazwi upya kwa urahisi kama la shaba, kwa hiyo anayejijazia risasi mwenyewe ahesabu hasara hiyo pia.

Hapo hapo kuna jambo la sumaku linalonichefua. Viwanja vingi vya shabaha hupitisha sumaku, ikishika risasi inarudishwa, kwa sababu hawataki kiini cha chuma kitoboe vibao vyao na kurusha cheche. Lakini sumaku inashika koti la chuma pia, hata kama kiini ni madini laini ya risasi (lead) tupu. Mlinzi hatabishana nawe. Umenunua kasha zima la "rahisi" na huna pa kulipigia. Ulizeni uwanja kwanza, ndipo mnunue.

Na hiyo bei ya kutupa yenyewe ni hadithi ya zamani. Marekani, soko lililokuwa likizimeza risasi hizi kwa wingi, ilifunga mlango wa bunduki na risasi za China mwaka 1994, na mwaka 2021 ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi. Mabaki ya ghala la jeshi yakiisha yameisha, hakuna anayetengeneza mapya ya mwaka 1970. Bado watu wananakili ushauri ulioandikwa wakati kasha lilikuwa rahisi kuliko chakula cha mchana.

Mkiniuliza mimi, anayetaka kupiga sana kwa fedha kidogo aanze na bunduki ya risasi ndogo za .22, kwa mfano Ruger 10/22 iliyopo tangu 1964. Risasi zake ndizo za bei ya chini kuliko zote, hazina chumvi, kelele kidogo, bega haliumi. Kasoro yake, .22 za nusu otomatiki huchagua chakula, risasi dhaifu haisukumi bolti mpaka mwisho, basi jaribu aina kadhaa kabla ya kununua kasha. Hailingani na 7.62x39 kwa nguvu, najua, msinirukie. Anayekwenda kwenye bunduki ya risasi za 5.56 naye asome maandishi juu ya mtutu wake. Ukiandikwa .223 Remington peke yake, usitie 5.56 za kijeshi, presha inaweza kupanda kupita kiasi. Ukiandikwa 5.56, zote mbili zinakwenda.

Nyie wauzaji nina ombi moja, na ni dogo. Andikeni kwenye tangazo: ganda la nini, koti la nini, fataki ya chumvi au hapana, na alama zilizopigwa kwenye kitako cha ganda, maana risasi nyingi za jeshi zina namba ya kiwanda na mwaka pale pale. "Risasi nzuri, kali, bei poa" hainiambii kitu. Na debe la bati mlilokwisha kulifungua msiliuze kama limefungwa.

Mnaokuja kujibu, tajeni bunduki ya nchi gani, risasi gani, na mliisafisha vipi baada ya kupiga. Atakayeandika "yangu haijawahi kusumbua" na kuishia hapo, atupie na picha ya pistoni yake ya gesi.