MREJESHO: Ile "methinks" ya Shakespeare

Wakuu, asanteni kwa majibu. Kwa mliochelewa: niliuliza "methinks" ya kwenye tamthilia yake ya Hamlet ina maana gani, na kwa nini ni "me" wala si "I".

Nimefuatilia, na aliyenielekeza kwenye Kiingereza cha kale ndiye aliyepatia. Huko kulikuwa na vitenzi viwili: þencan, kufikiri, na þyncan, kuonekana (hiyo þ isome kama "th"). Matamshi yakakaribiana mpaka vikamezana ndani ya "think" ya leo. "Methinks" inatokana na kile cha pili, yaani "inaonekana kwangu". Ndiyo maana ina "me", na ile -s ni ya "it" isiyotajwa. Kijerumani nacho kina "mich dünkt", muundo uleule, nacho kimeshachakaa.

Ukitaka wakati uliopita, ni "methought". "I methinks" haipo kabisa.

Siku hizi ni ya utani na mbwembwe tu. Usije ukaiweka kwenye barua ya kuomba kazi! Halafu kwenye Hamlet, malkia Gertrude, mama yake Hamlet, anaposema "The lady doth protest too much, methinks" (naona huyu bibi anaapa kupita kiasi), hiyo "protest" ni kuapa kwa msisitizo, si kupinga. Hili sikuliuliza, ila ndilo lililonikosha zaidi.